TARAKILISHI YA MICHEZO YA MKAKATI: TUNUNUE UBONGO, SI MATAA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tunaikariri darasani kila muhula, tunaitia katika insha, tunapewa alama, kisha tukifika dukani tunaisahau kana kwamba hatujawahi kuisikia. Leo nataka tuitumie pale panapouma, yaani mfukoni.

Jambo ninalotaka kulijadili ni hili: mwanafunzi mwenye pesa kidogo, anayependa michezo ya mkakati, anunue tarakilishi gani iliyokwisha kuundwa? Jawabu langu nalitoa mapema ili asiye na subira asije akasema nimemzungusha. Anunue mashine iliyotumika ofisini, yenye prosesa ya miaka ya karibuni na RAM ya kutosha, hata kama kasha lake ni jeusi na limechubuka. Asinunue mataa. Kadi ya picha iwe ya mwisho kuulizwa, wala si ya kwanza. Sasa nipeni nafasi niitetee rai yangu.

Pengine yuko mwalimu atakayeuliza michezo ya kompyuta imeingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili. Swali zuri. Hebu tuanze na bao letu la pwani. Bao lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Hakuna karata ya kufichwa wala dadu ya kurushwa. Anayeshinda ni yule aliyehesabu mbele kuliko mwenzake. Michezo ya mkakati ni ndugu wa bao. Humo hufyatui risasi ovyo ovyo. Unapanga mashamba, unajenga mji, unafanya biashara, unaamua vita viwepo au visiwepo. Mchezo wa Civilization, ulioanza mwaka 1991, humkabidhi mtu taifa tangu enzi za mawe hadi enzi za roketi. Age of Empires II, uliotoka mwaka 1999 na kufanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019, humpa kijiji chenye watu wachache tu akikuze hadi kiwe dola.

Tena Kiswahili chenyewe kimo humo. Toleo la nne la Civilization, la mwaka 2005, hufunguliwa kwa wimbo uitwao "Baba Yetu" uliotungiwa muziki na Christopher Tin wa Marekani, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa kompyuta kutuzwa hivyo. Katika toleo la sita, la mwaka 2016, Zanzibar ni mji huru, na mchezaji anayefaulu kuwa mlezi wake hupata karafuu na mdalasini. Kwa hivyo, mwalimu wangu mpendwa, hatujapotea njia.

Lakini sikuchukua kalamu ili kuisifu michezo. Nimeichukua kwa sababu ya pesa za wazazi wetu.

Kuna mwanafunzi mwenzangu, jina namhifadhia, ambaye mama yake huuza mboga. Mama huyo alikopa shilingi 35,000 katika chama chao cha akina mama ili kijana wake apate mashine ya kusomea na ya kuchezea. Wakaenda katika duka moja, nalo silitaji. Muuzaji akawaonyesha kasha la kioo lenye feni tatu zinazowaka rangi nyekundu, kijani na samawati. Akawaambia, "Mama, hii ni i7, hii ni ya gemu, hii ndiyo mwisho." Mama akaona taa, akaona kijana anatabasamu, akatoa pesa.

Kumbe i7 hiyo ilikuwa ya kizazi cha pili, prosesa iliyotoka mwaka 2011. RAM ilikuwa GB 4. Diski ilikuwa ile ya zamani inayozunguka. Civilization VI ulifunguka, naam, na mwanzoni ukaenda vizuri. Ilipofika zamu ya 150 hivi, kijana akawa akibonyeza kitufe cha kumaliza zamu, anatoka, anajaza mtungi wa maji, anarudi, na mashine bado inafikiri. Hata kazi ya shule ikawa shida, kwa maana akifungua kurasa nne za intaneti, kila kitu kinaganda. Taa lakini hazikuacha kuwaka! Na mama angali anarudisha mkopo ule kila Jumapili chama kinapokutana.

Simlaumu mama, wala kijana simlaumu. Hawakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa lugha wanayoielewa. Ndiyo sababu nimeamua kuieleza hapa.

Kwanza tuelewe tofauti ya michezo. Mchezo wa mbio za magari au wa bunduki huiuliza mashine swali moja tena na tena: picha inayofuata ichorweje, tena upesi? Hiyo ni kazi ya kadi ya picha. Mchezo wa mkakati nao huuliza maswali ya namna nyingine. Askari huyu apite wapi ili asigonge mti? Adui ashambulie leo au asubiri? Mji ule ujenge ghala au ukuta? Hayo ni maswali ya hesabu, na anayefanya hesabu ni prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine.

Chukua Age of Empires II. Wachezaji wanaweza kuwa 8, na kwa kawaida kila mmoja huruhusiwa kuwa na watu 200. Zidisha mwenyewe: ni 1,600, na kila mmoja anatafuta njia yake kwa wakati mmoja. Isitoshe, mkicheza kwa pamoja kila mtu na mashine yake, mchezo wa aina hii hulazimika kumngojea aliye nyuma. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, na kenge mmoja mwenye prosesa iliyochoka huwafanya mamba wote watambae. Katika Civilization mambo ni ya zamu. Ukimaliza yako, mashine huwachezea wapinzani wako wote mmoja baada ya mwingine, na kadiri ramani inavyojaa miji, ndivyo unavyongoja zaidi. Hapo kadi ya picha, hata ingekuwa ya dhahabu, haina la kukusaidia.

Aidha, sehemu kubwa ya hesabu hizo hufanywa na kiini kimoja au viwili tu vya prosesa. Ndiyo maana usivutwe na muuzaji anayekuhesabia viini: "Hii ina viini vinane, ile ina kumi na viwili." Viini vingi vya polepole ni kama wapishi wengi kwenye sufuria moja. Afadhali vinne au sita vyenye kasi.

Baada ya prosesa huja RAM. Tuifananishe na meza ya kusomea, na diski tuifananishe na kabati la vitabu. Meza ikiwa ndogo, kila mara utakuwa unasimama kurudisha kitabu kabatini na kuchukua kingine. GB 4 ni kijimeza cha chai. GB 8 zinatosha kwa michezo mingi ya miaka iliyopita. Watengenezaji wa Civilization VI wenyewe walipendekeza GB 8. GB 16 ndizo zinazokupa amani, hasa kama mashine hiyo hiyo itatumika kuandikia na kusomea.

Kisha diski. Chagua SSD. Haitaifanya zamu ya adui iishe mapema, lakini mashine itawaka haraka na mchezo uliohifadhiwa utafunguka upesi. Asiyekuwa na SSD ataujua uzito wa subira.

Mwisho kabisa ndipo ije kadi ya picha. Najua hapa wengi watanipinga. Watasema, "Wewe! Mashine ya gemu bila kadi?" Lakini prosesa nyingi za Intel za ofisini zina uwezo wa kuchora picha ndani yake zenyewe. Prosesa ya i5-6500 ina kichora picha kiitwacho HD Graphics 530, na hicho hicho kimetajwa na watengenezaji wa Civilization VI katika mahitaji ya chini kabisa. Age of Empires II ya 2019 hukubali hata HD Graphics 4000, ambacho ni cha zamani zaidi. Picha utazipunguza urembo kidogo, kweli, lakini askari watatembea. Kadi unaweza kuiongeza mwakani. Prosesa iliyozeeka haiongezeki. Utanunua mashine nyingine.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa ndipo watu wengi hunaswa. "i7" peke yake si jina, ni kama kusema mtu anaitwa "Mwalimu". Mwalimu nani? Tazama tarakimu zinazofuata kistari. Katika i5-6500, ile 6 ndiyo kizazi. Katika i5-8500, ni kizazi cha 8. Katika i5-10400, ni cha 10. Prosesa ya i7-2600 ni ya mwaka 2011 na ina viini 4; i5-8500 ni ya mwaka 2018 na ina viini 6. Hii ya pili huishinda ile ya kwanza vizuri sana, ingawa 5 ni ndogo kuliko 7. Usisahau pia herufi ya mwisho. Kwa prosesa za Intel za mezani, T humaanisha imepunguzwa kasi ili ile umeme kidogo. F humaanisha haina kichora picha ndani, kwa hivyo bila kadi skrini itabaki giza. Kwa upande wa AMD, Ryzen yenye G mwishoni, kama Ryzen 5 3400G, ina kichora picha chenye nguvu kuliko vya Intel za ofisini za wakati huo. Ukiipata kwa bei ya kawaida, usiiache.

Kuna jambo jingine la siku hizi. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hutaka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo pesa zako zikifika, chukua kizazi cha 8. Zisipofika, kizazi cha 6 au cha 7 bado kinafaa ukiweka Linux, ambayo ni ya bure. Civilization VI una toleo la Linux, na mingi ya michezo ya bure nitakayoitaja pia ipo huko.

Mashine zenyewe ziko wapi? Zimejaa. Ni zile zilizotumika katika maofisi ng'ambo, ambazo madukani huitwa "ex-UK" zikiwa zimetoka Uingereza. Zinaitwa Dell OptiPlex, HP EliteDesk, HP ProDesk au Lenovo ThinkCentre. Hazina taa wala kioo. Zimekaa chini ya meza ya karani miaka minne mitano, zikifungua barua na kuhesabu mishahara. Zimeundwa zifanye kazi kutwa nzima bila kelele, na huuzwa rahisi kwa sababu ofisi zilinunua nyingine. Kuzidharau ni kama kudharau koti la mitumba lililoshonwa vizuri. Isitoshe, plagi ya Uingereza ina vyuma vitatu vya mraba kama yetu, na umeme wa huko unakaribiana na wetu. Mashine iliyotoka Marekani ichunguze nyuma. Nyingine za zamani zina swichi ya 115 na 230. Ikiwa imeelekea 115, isogeze kabla ya kuchomeka, la sivyo utasikia mlio usioutarajia.

Umbo nalo ni la kuzingatia. Ziko aina tatu. Ndogo kama kitabu kwa kawaida haipokei kadi ya picha. Nyembamba hupokea kadi fupi tu. Ile ya mnara hupokea kadi ya kawaida. Mimi nawashauri mnara, hata kama kadi hutaki leo. Ila ujue kisanduku cha umeme cha mashine za ofisi huwa na nguvu ndogo, kwa hivyo utakapoongeza kadi, chagua isiyohitaji waya wake wa umeme. GTX 1050 Ti hula wati 75 tu, na ziko za aina hiyo ambazo huzipata zote kupitia tundu ilimochomekwa. GT 1030 hula wati 30.

Baada ya hapo ni dukani. Kuuliza si ujinga, na fundi mwaminifu hakasiriki akiulizwa. Nenda na mtu mzima, kisha fanyeni hivi.

Kwanza, mashine iwashwe mbele yenu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, usome jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski. Usisome kibandiko cha nje, kibandiko hubandikwa.

Pili, omba kasha lifunguliwe. Hesabu vipande vya RAM. Viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, hasa pale ambapo prosesa ndiyo inayochora picha, kwa sababu hufanya kazi sambamba. Tazama pia vumbi. Vumbi likijaa, joto hupanda na prosesa hujipunguzia kasi.

Tatu, kama wanakuuzia kadi ya picha, ikague. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina ili zijidai ni za juzi. Beba programu ya bure ya GPU-Z kwenye flashi. Huweza kuzitambua nyingi za bandia na kuzitaja hivyo waziwazi. CrystalDiskInfo nayo, bure vile vile, itakuonyesha afya ya diski.

Nne, iache iwake nusu saa huku ikifanya kazi. Isikilize. Isipozimika na isipopiga kelele za trekta, endelea.

Tano, upewe risiti yenye jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na siku za dhamana. Maneno ya mdomo hayarudishi pesa.

Bei kamili sizitaji kwa makusudi. Jarida letu hutoka mara moja kwa mwaka, na bei za mashine hubadilika kama bei za nyanya. Badala yake nitasema jinsi ya kuzigawa. Tuseme mfuko wako ni shilingi 30,000. Thuluthi mbili ziende kwa mashine yenyewe. Skrini iliyotumika ya inchi 19 hadi 22, kibodi na kipanya zichukue sehemu kubwa ya kilichobaki. Skrini za bei ghali zinazobadilisha picha mara 144 kwa sekunde ni za wacheza bunduki. Kwetu sisi mara 60 ni nyingi. Kwenye kipanya tu usibane: kiwe na gurudumu linalozunguka vizuri, kwani ndilo la kuisogeza na kuirudisha ramani nyuma siku nzima. Akiba kidogo iwe ya kifaa cha kuilinda mashine umeme unapopanda na kushuka, maana stima zetu tunazijua.

Michezo nayo? Anza na ya bure iliyo halali. Sehemu kubwa ya StarCraft II ni ya bure tangu mwaka 2017. 0 A.D. hufanana na Age of Empires kwa mengi. The Battle for Wesnoth na Freeciv ni ya zamu. Hii mitatu ya mwisho ni midogo na haitamaliza bando lako, ilhali Age of Empires II ya 2019 huhitaji nafasi ya GB 30 kwenye diski. Michezo ya wizi inayopitishwa kwa flashi iache. Mara nyingi huja na virusi, na virusi havitofautishi mchezo na kazi yako ya mradi wa shule.

Kuna pingamizi kadhaa nimezisikia, na haki inanitaka nizijibu. Wapo wanaosema, "Nunua kipakatalishi, utabeba uende nacho." Sawa, lakini kwa bei ile ile prosesa ya kipakatalishi huwa dhaifu zaidi, joto lake ni jingi, na kuongeza kadi ya picha ndani yake ni ndoto. Wapo wanaosema uunde mwenyewe kipande kwa kipande. Ni elimu nzuri, lakini kwa mfuko mdogo vipande vipya hukushinda kabla hujafika kwenye kasha, na kikiharibika kimoja, kila muuzaji atamsukumia mwenzake lawama. Wapo pia wanaotaka Civilization VII ya mwaka 2025 au Total War: Warhammer III ya mwaka 2022. Hao nakubali kuwa mashine ya ofisi bila kadi nzuri haitawafaa. Ushauri wangu kwao ni wangoje, waweke akiba. Haba na haba hujaza kibaba. Michezo ya miaka kumi iliyopita haijaoza. Bao lenyewe lina miaka mingapi?

Walimu na wazazi watasema mchezo hula wakati wa masomo. Hilo silipingi, kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa kutwa na najua saa za jioni zilivyo chache kati ya kufika nyumbani, kazi za nyumbani na kusaidia jikoni. Zamu moja zaidi, zamu moja zaidi, mara saa nne usiku! Kwetu nyumbani baba amekubali kuongeza pesa juu ya akiba yangu na ya kaka kwa masharti mawili: mashine ikae sebuleni, na michezo iwe Jumamosi na Jumapili. Nimeyakubali yote mawili bila kunung'unika. Na hapo ndipo mashine ya ofisi inapopata alama nyingine. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa inaandika insha, inafungua karatasi za mitihani iliyopita, na kaka anaitumia kutafuta kazi. Mashine ya mataa yenye GB 4 haiwezi hata hayo.

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa chama chetu. Mwanafunzi yeyote ambaye mzazi wake anataka kununua tarakilishi alete karatasi ya duka yenye maelezo ya mashine siku tunayokutana. Tuisome pamoja, wenzetu wa somo la kompyuta wakiwepo, kisha tumwandikie mzazi ukurasa mmoja kwa Kiswahili safi: prosesa hii ni ya mwaka gani, RAM hii inatosha au haitoshi, na maswali gani amuulize muuzaji. Haigharimu hata senti. Mama yule wa mboga anajua kuchagua nyanya mbivu kwenye kreti nzima kwa kugusa tu. Hakushindwa kwa kukosa akili. Alishindwa kwa sababu maneno yote aliyoambiwa yalikuwa mageni, na hakuna aliyemfasiria. Chama cha Kiswahili kisipofanya kazi hiyo, tunakutanikia nini?

Kwa hayo machache, naomba nitie nanga. Mwenye rai tofauti na aje na yake, nami nitamsikiliza, mradi aje na jina kamili la prosesa.